Saa ya Wogayehu Haiko Nyuma

Wogayehu huwa anamaliza kuandika kabla mteja hajamaliza kusema. Mtu anafika kibandani kwake, mbele ya lango la mahakama pale Dessie katika nchi ya Wahabeshi, anaanza kueleza shamba la baba yake lilivyomegwa na mjomba, na kabla hajafika kwa mjomba yeye keshaandika jina la mjomba, mipaka ya shamba na kifungu cha sheria. Wako wanaokasirika, maana wanapenda kulia kwanza. Lakini wanarudi, kwa sababu hati za Wogayehu hazirudishwi na makarani.

Ana miaka hamsini na saba, na thelathini na mitano kati ya hiyo imeishia hapo langoni. Alianza na taipureta iliyokuwa nzito kama gunia la nafaka ya teff. Ikaja kompyuta ya skrini nyeusi na maandishi ya kijani. Akaichukia wiki tatu, na wiki ya nne akamgombeza mtu aliyemwambia arudie taipureta. Ikaja Windows ya Tisini na Nane, ikaja XP, ikaja ya Saba. Kila mara ni yale yale: anapigana nayo, anaizoea, na siku anayosema sasa tumeelewana, anasikia dunia imehamia kwenye nyingine. "Mume wangu nilikaa naye miaka ishirini na sita bila kumbadilisha," huwa anasema, "na kasoro zake zilizidi za mashine yoyote niliyowahi kugusa." Marehemu mwenyewe alikuwa akiyasikia hayo na kucheka.

Mwezi wa Nehase, wa kumi na mbili kwa hesabu ya kwao, mahakama ikiwa likizoni na mvua ikipiga mabati kutwa, tangazo likabandikwa langoni. Kuanzia mwaka mpya hakuna karatasi. Hati zote zitatumwa kwa mtandao, kwa herufi za kisasa ambazo kompyuta yoyote inaweza kuzisoma. Kila mwandishi ajisajili akiwa ameketi mbele ya mashine yake mwenyewe, maana mashine nayo inasajiliwa, na papo hapo aandike ukurasa wa majaribio wa mistari thelathini ndani ya nusu saa. Mwisho ni Pagume tano, saa kumi na moja jioni. Pagume ni ule mwezi wao wa kumi na tatu, wenye siku tano tu. Asiyejisajili, kibanda chake atapewa mwingine.

Wogayehu alilisoma tangazo mara tatu amesimama mvuani. Akaenda kibandani, akafungua ukurasa wa mahakama kwenye Windows yake ya Saba, ukatoka mweupe mtupu. Akazima, akawasha. Mtupu.

"Etiye, bado unahangaika na bibi kizee wako?" Enatnesh alimwuliza, akimwita dada mkubwa kwa heshima kama wote langoni. Huyu ndiye jirani yake, kibanda cha pili, hatua nane tu kutoka hapo. Mwanamke wa miaka hamsini, kidomodomo, ambaye Wogayehu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Binti yake aliyeko Jeddah alikuwa amemtumia kompyuta mpya, na tangu siku hiyo langoni hapakukalika. "Tafuta mpya kama mimi. Windows Kumi na Moja, mama! Unaigusa tu, inakuja."

"Yenyewe inakuja. Wewe ndiye huji. Kurasa mbili tangu asubuhi!"

"Kurasa mbili, lakini nimekaa raha."

Wakacheka wote wawili. Kicheko cha Wogayehu kilikatika mapema.

Akamwita Tibebu. Tibebu ni fundi wa kompyuta, mtu wa miaka arobaini aliyeacha kufundisha hesabu, na kwenye mgongo wa kompyuta yake ya mkononi amebandika picha ya pengwini. Ukimwuliza habari za nyumbani anakujibu habari za Linux, mfumo wa kompyuta wenye nembo ya ndege huyo. Aliifungua mashine ya Wogayehu, akachungulia ndani, akatikisa kichwa.

"Kumi na Moja haiitaki mashine hii, Etiye. Kichakataji chake ni cha zamani mno."

"Kumi je?"

"Kumi itaingia. Lakini walioitengeneza wanaacha kuihudumia Tikimt tarehe nne, mwezi wa pili tu wa mwaka mpya. Ni kushona nguo ya arusi wakati watu wanaosha sufuria."

"Na hiyo ya ndege wako?"

"Bure, nyepesi, herufi zetu zimo ndani tayari. Haikuulizi umri wa mashine."

"Kitu cha bure kikiharibika nitamgombeza nani?"

"Mimi."

"Basi weka."

Haikuwa rahisi kama alivyosema Tibebu. Herufi za Kihabeshi zinazidi mia mbili, na enzi za XP kila moja ilikuwa na mahali pake kwenye kibodi, mpangilio ambao vidole vya Wogayehu viliushika miaka ishirini iliyopita na havikuuachia. Kisasa si hivyo. Unaandika sauti kwa herufi za Kizungu, na mashine inakutungia. Wogayehu alijaribu kwenye kompyuta ya Tibebu. Ndani ya nusu saa aliandika mistari kumi na miwili, yeye aliyezoea kuandika arobaini na kunywa kahawa katikati. Alitoka nje akasimama mvuani, akarudi, akajaribu tena, akapata kumi na mitatu. Usiku ule hakula hata mchuzi wake wa shiro. Aliogopa, na hakumwambia mtu.

Tibebu ndiye aliyeiona njia. "Linux ninaweza kuifundisha kibodi yako," alisema. "Wewe bonyeza unavyojua, herufi zitoke za kisasa. Niambie tu, herufi *shi* iko wapi?"

Wogayehu hakujua; vidole ndivyo vilivyojua. Akatazama dari, akainua mikono juu ya meza tupu, akaviacha vidole viandike neno *shimagle*, mzee wa usuluhishi. "Hapa," akasema, akiangalia mahali kidole kilipogonga ubao. Siku mbili nzima walifanya hivyo, Tibebu akitaja neno, Wogayehu akigonga meza, Tibebu akiandika kwenye daftari. Waliopita nje walidhani mama wa watu amepagawa.

Pagume mbili, mfumo mpya ukaingia. Vidole vikakubali. Mistari thelathini kwa dakika ishirini, siku ya kwanza! Wogayehu alimbusu Tibebu mashavuni mara tatu, na kazi ya kwanza aliyoifanya kwa mikono yake kwenye Linux ilikuwa kurekebisha saa.

Hapo pana kisa. Kwa saa, Mhabeshi na Mswahili ni ndugu: jua likitoka ni saa kumi na mbili, na kazi inaanza saa mbili. Kwa miaka, Mhabeshi yuko peke yake. Wengine duniani wakisema elfu mbili ishirini na tano, yeye anasema kumi na saba, na hana haraka. Mwaka wa tisini na nane wa hesabu yao, Wogayehu alimwandikia rufaa mzee mmoja wa Kutaber, mashine ikachapa tarehe ya kigeni, yeye hakuiona. Karani akaikataa hati. Mzee alishatembea kutwa kurudi kwao. Alipopata habari akarudi, siku za rufaa zilikuwa zimekwisha na shamba limekwenda. Tangu hapo Wogayehu hakuiamini mashine na tarehe yake. Kila kompyuta aliyoipata aliiwekea saa ya nyumbani na mwaka wa nyumbani, akazima kile kinachojirekebisha chenyewe. Kila mwanzo wa mwezi anaisogeza kwa mkono. Pagume ikifika, kwa kuwa mashine haina mwezi wa kumi na tatu, anairudisha kila asubuhi tarehe thelathini ya mwezi wa kumi na mbili, ikasubiri hapo mpaka mwaka mpya. Langoni pote walimwiga. Intaneti waliifungulia kwenye simu, kompyuta ilikuwa ya kuandikia tu, na mambo yakaenda.

Basi Pagume tatu, siku ya Mtakatifu Rufaeli, watu wakiwa nje wameiacha mvua iwanyeshee kwa baraka, Wogayehu alikaa akafungua ukurasa wa mahakama. Ukakataa. Yakatokea maandishi ya Kiingereza, na Tibebu akayasoma.

"Inasema saa yako iko nyuma."

"Nani, mimi?"

"Saa ya mashine."

Wogayehu akatazama pembeni mwa skrini. Saa tatu na dakika kumi na tano. Akatazama saa ya mkononi. Saa tatu na dakika kumi na tano. "Iko nyuma ya nini?"

Tibebu naye akatazama saa yake, akatazama ya ukutani, akatazama skrini. Tarehe thelathini, mwezi wa kumi na mbili, elfu mbili kumi na saba. Ni Pagume, tarehe huwa inakaa hapo. Mwaka ni kumi na saba, na kumi na saba ndiyo huu. "Inasema ovyo," akaamua. "Tatizo ni mtandao."

Wakabadilisha mtandao. Wakatumia simu ya Tibebu. Kompyuta ya Tibebu, kwa simu hiyo hiyo, ikaufungua ukurasa mara moja. Ya Wogayehu ikakataa. Tibebu akataka kuisasisha Linux nzima, ikakataa kushuka. Akafuta kivinjari akaweka kingine. Saa yako iko nyuma. Pagume nne akaleta diski nyingine na kuweka Windows Kumi juu yake, yeye mtu wa pengwini, uso umemshuka kama anayekula chakula cha mkwe aliyegombana naye. Windows nayo ikakaa wima, na nayo ikasema yale yale.

"Unaona?" Tibebu alisema, kidogo kwa furaha. "Hata hawa."

"Furaha gani hiyo? Kesho ndiyo mwisho!"

"Sijafurahi, Etiye."

"Nimekuona meno."

Tibebu akairudisha diski ya Linux. Enatnesh alikuwa akiwatazama kutoka kibandani kwake, kikombe mkononi. "Mimi nilimaliza Pagume mbili," alipaza sauti. "Niligusa tu, ikaja. Etiye, ukikosa kibanda njoo uniwekee mkaa wa kahawa, nitakulipa!"

Wogayehu alimwambia maneno ambayo hayaandikiki, na safu nzima ikacheka. Lakini alipofika nyumbani hakutulia. Alipanga vyombo, akavipangua, akavipanga tena. Nje vijana walikuwa wakifunga vijiti vya mwenge wa mkesha wa mwaka mpya. Miaka thelathini na mitano, na atakayekaa pale kitini hatajua hata mzee wa Kutaber alikuwa nani.

Pagume tano ikafika na ukungu wa mlima Tossa umeshuka mpaka barabarani. Asubuhi, hakuna. Mchana, hakuna. Saa kumi kasorobo Tibebu akatoka mbio kwenda kutafuta laini ya simu ya kampuni nyingine, akaiacha kompyuta yake mezani, wazi, ubavuni mwa ile ya Wogayehu. Wogayehu alikuwa akizitazama zote mbili kwa chuki. Mfumo ule ule, picha ile ile, mtandao ule ule. Hii inakubali, hii inakataa. Akaanza kuzilinganisha kama anavyolinganisha hati mbili za mauzo anapotafuta iliyoghushiwa, mstari kwa mstari, kuanzia juu. Akafika pembeni.

Yake iliandika saa kumi na dakika tano, mwaka elfu mbili kumi na saba. Ya Tibebu, kwa saa za Kizungu, iliandika kumi na sita na dakika tano, mwaka elfu mbili ishirini na tano.

Mashine yake ilikuwa imeketi miaka saba na ushei nyuma ya dunia, na dunia ilikuwa ikimwambia hivyo kwa siku tatu, kwa adabu, naye akaitukana. Na aliyeiweka huko ni yeye, kwa mkono wake, ndani ya mashine yenyewe ambako kubadilisha diski hakufiki.

Kilichofuata alikielewa papo hapo, kabla hata hajaigusa kibodi. Kompyuta mpya ya Enatnesh ilipofika kutoka Jeddah, nani aliiwekea tarehe? "Etiye, niwekee ya kwetu," Enatnesh aliomba, na yeye aliiweka, akazima kile kinachojirekebisha. Kwa hiyo Enatnesh hakumaliza Pagume mbili. Enatnesh hakupita kabisa. Alikuwa anakunywa kahawa na kutukana watu huku amekwama palepale.

Wogayehu aliinua kichwa. Hatua nane. Enatnesh alikuwa ameinamia skrini yake, kikombe kimepoa.

Wogayehu akainamisha kichwa, akabadilisha tarehe ya mashine yake. Ukurasa ukafunguka. Akaandika jina, akaandika namba ya kibanda, maandishi ya majaribio yakatokea, na vidole vikaondoka vyenyewe. Mistari thelathini. Saa kumi na nusu skrini ikamwandikia: Umesajiliwa.

Tibebu aliingia anahema, laini mkononi, akaona, akapiga yowe. "Linux! Nilisema nini? Nilisema nini mimi!"

"Ilikuwa tarehe, Tibebu."

"Tarehe gani?" Akaonyeshwa. Akakaa chini, akajishika kichwa, akacheka mpaka machozi. "Miaka kumi na tano mwalimu wa hesabu," alisema. "Etiye, usimwambie mtu." Kisha akajipangusa. "Afadhali Etiye Enatnesh, yeye alishapita."

Wogayehu alichukua kitambaa akafuta kibodi. Akafuta skrini. Alikuwa akiwaza kibanda cha Enatnesh kikichukuliwa na mgeni asiyejulikana, wateja wake wakihamia hatua nane, na yale maneno ya mkaa wa kahawa mbele ya safu nzima. Alijiambia kwamba mtu amesema mwenyewe amepita, na si kazi ya mwingine kumkanusha. Aliliona wazo hilo lilivyo baya, na bado alilishika. Saa ikawa kumi na dakika arobaini.

Ndipo akainuka. Alivuka zile hatua nane bila shali, manyunyu yakimwingia kichwani.

"Sogea," alisema.

"Nilishajisajili mimi."

"Enatnesh. Sogea."

Enatnesh alimtazama, na uso wake, ule uso wa kejeli wa siku zote, ukaachia. Akasogea. Wogayehu akabadilisha mwaka, akabadilisha saa, ukurasa wa mahakama ukafunguka kwenye Kumi na Moja, mzuri, wa rangi. Enatnesh alitoa sauti ndogo, akakaa, akaanza. Tangu mwanzo wa Nehase alikuwa amejifundisha kuandika kwa mtindo wa kisasa, kwa siri, nyumbani. Mistari thelathini kwa dakika ishirini na nane, alijipima kwa simu. Wogayehu alisimama nyuma yake, akihamisha uzito mguu huu na mguu ule, akitamani kuinyakua ile kibodi aandike yeye, lakini kibodi ile haikuwa na herufi zake mahali anapozijua. Mstari wa kumi. Mstari wa kumi na sita. Vidole vya Enatnesh vilianza kukosea, akafuta, akaandika.

"Usifute! Endelea!"

"Nyamaza, Etiye, tafadhali."

Mstari wa ishirini na mbili. Skrini ikajibadilisha yenyewe: Usajili umefungwa.

Enatnesh aliendelea kubonyeza kidogo, halafu akaacha. Hakugeuka.

"Ulijua saa ngapi?"

Wogayehu angeweza kusema sasa hivi. Hakuna ambaye angembishia. Tibebu mwenyewe hakujua.

"Saa kumi na dakika tano."

Enatnesh akahesabu kwa vidole. "Ukaandika yako kwanza."

"Ndiyo."

"Hata mimi ningeandika yangu kwanza." Akageuka, macho makavu. "Yako ni dakika ishirini, ishirini na tano. Hizo kumi zilizobaki ulikuwa unafanya nini?"

Nje, mtu wa kwanza alikuwa keshawasha mwenge, na watoto wakaanza kuimba. Wogayehu alitafuta neno, yeye aliyewaandikia watu maneno yao kabla hawajayasema, na alilolipata lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la kweli.

"Nilikuwa nimekaa," alisema.